Kumhudumia mgonjwa wa kushindwa kwa moyo kwa kufuata vipimo vya damu

Jibu la maabara lililoandikwa "NT-proBNP 2,400", yaani kiasi cha kipande cha protini ambacho moyo uliolemewa humwaga katika damu, halimwambii tabibu jambo kubwa iwapo hajui namba ya mgonjwa huyo huyo ilikuwa ngapi siku aliporuhusiwa kutoka wodini, miguu ikiwa imenywea na akiweza kulala kwa mto mmoja. Namba hiyo ya siku njema, pamoja na uzito wa siku ile, ndiyo msingi wa hatua nyingi zinazofuata. Ikiwa ugonjwa umekwisha kuthibitishwa na fedha za mgonjwa zinatosha vipimo viwili tu kwa mwaka, mimi ningetumia kimoja siku ya kuruhusiwa na kuhifadhi cha pili kwa siku ambayo dalili zitaleta utata.

Ukuta wa ventrikali, chumba cha moyo kinachosukuma damu nje, unapovutwa kwa wingi wa damu au kwa shinikizo, seli za moyo hutengeneza proBNP, nayo hukatwa vipande viwili: BNP, ambayo ni homoni inayolegeza mishipa na kuzihimiza figo zitoe chumvi na maji, na NT-proBNP, ambayo hudumu katika damu kwa muda mrefu zaidi. (Watafiti wa Japani waliitambua BNP mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe, ndiyo sababu jina lake limebeba ubongo hadi leo ingawa chanzo chake kikuu ni moyo.) Chagua kipimo kimoja na ubaki nacho, maana namba za BNP na za NT-proBNP hazilinganishwi. Penye uchaguzi, NT-proBNP inafaa zaidi: sampuli yake huvumilia safari ya kwenda maabara ya mbali, ilhali BNP huharibika upesi, tena mgonjwa anayetumia sakubitrili, mojawapo ya dawa za kushindwa kwa moyo, anaweza kuonekana na BNP ya juu kwa sababu tu dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachoivunja.

Mgonjwa anapofikishwa mapokezi akihema, NT-proBNP iliyo chini ya pikogramu 300 kwa mililita inakuelekeza kutafuta chanzo kingine. Kwa anayekuja kliniki kwa miguu yake, akiwa na dalili za polepole, kikomo hicho ni 125. Katika dharura, kushindwa kwa moyo huwa na uwezekano mkubwa namba inapozidi 450 kwa aliye chini ya miaka 50, 900 kwa wa miaka 50 hadi 75, na 1,800 kwa aliyezidi hapo. Vikomo viwili vya kwanza ndivyo utakavyovihitaji mara nyingi, kwani uchunguzi wa THESUS-HF, uliohusisha wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulikuta wastani wa umri ni miaka 52 tu. Kumbuka kwamba unene huishusha namba, na figo dhaifu au mapigo ya atiria (chumba cha juu cha moyo) yasiyo na mpangilio huipandisha. Mgonjwa ambaye mlango wake wa mitrali (vali iliyo kati ya atiria na ventrikali ya kushoto) umebana anaweza kujaa maji mapafuni huku namba ikiwa ndogo kuliko ulivyotarajia, kwa kuwa ventrikali ya kushoto haivutwi; huyo anahitaji kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, na kipimo cha damu hakitaliziba pengo hilo.

Tuseme mama wa miaka 48 aliruhusiwa akiwa na kilo 62 na NT-proBNP 1,600. Baada ya miezi mitatu namba ni 1,900, uzito ni ule ule na ngazi anapanda kama kawaida. Badiliko lisilofika asilimia 30 linaweza kuwa ni mwili wenyewe tu, hivyo usiguse dawa. Lakini akirudi na 3,700 na kilo 66, mishipa ya shingo imejaa na kidole kikiacha shimo juu ya kifundo cha mguu, muulize kwanza kama dawa zilimwishia, kama amekuwa akimeza diklofenaki kwa ajili ya magoti, na chumvi anaitiaje; sikiliza mapigo, kisha ongeza dawa ya kutoa maji.

Usiifukuzie namba. Jaribio la GUIDE-IT, lililochapishwa mwaka 2017 likiwa na wagonjwa 894, lililenga kuishusha NT-proBNP chini ya 1,000, na halikuleta nafuu zaidi ya huduma nzuri ya kawaida. Kilicholeta nafuu katika jaribio la STRONG-HF la mwaka 2022 ni kupandisha haraka dozi za dawa za kushindwa kwa moyo na kumwona mgonjwa wiki ya 1, 2, 3 na 6: waliofariki au kulazwa tena kwa ajili ya moyo ndani ya siku 180 walikuwa asilimia 15.2, dhidi ya 23.3 ya waliopata huduma ya kawaida. Humo kipimo kilikuwa breki ya usalama. NT-proBNP ikipanda kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya kabla ya kuruhusiwa, dawa ya kundi la vizuizi vya beta, zinazopunguza kasi ya moyo, haikuongezwa.

Vipimo vya potasiamu na kreatinini (kinachoonyesha kazi ya figo) ni vya bei nafuu na havina mbadala. Vifanye kabla ya kuanza spironolaktoni, dawa ya kutoa maji inayobakiza potasiamu mwilini, kisha wiki ya 1 na ya 4. Potasiamu ikizidi milimoli 5.5 kwa lita punguza dozi nusu, ikizidi 6.0 simamisha, ila kama damu ilivutwa kwa shida na seli zikapasuka ndani ya sirinji na kumwaga potasiamu yake, rudia kipimo kwanza iwapo hali ya mgonjwa na mapigo yake vinaruhusu.

Pima na feritini, inayoonyesha akiba ya madini ya chuma, hata kama mgonjwa hana upungufu wa damu. Chini ya mikrogramu 100 kwa lita, au 100 hadi 299 ikiwa ujazo wa transferini (protini inayobeba chuma katika damu) uko chini ya asilimia 20, ni upungufu wa madini ya chuma, nao hutibiwa kwa chuma cha mshipani. Malaria au kifua kikuu huipandisha feritini, basi usidanganyike na 250 ya mgonjwa mwenye homa.

Kwenye kadi yake ya kliniki andika tarehe, uzito, namba, maabara iliyopima, na kizio: baadhi ya maabara hutoa NT-proBNP kwa pikomoli kwa lita, na namba hiyo huzidishwa kwa takriban 8.5 kupata pikogramu kwa mililita.