Uchovu wa thairoidi unapojiandaa kwa upasuaji wa kupunguza uzito: anza na saa ya kidonge

Kuna uchovu wa kazi, huo ukilala unaisha. Uchovu wa thairoidi, ile tezi ya shingoni, hauko hivyo. Unaamka asubuhi kama mtu aliyekesha, miguu mizito, unasikia baridi wenzako wakilalamika joto, na neno la kila siku linakupotea katikati ya sentensi. Juu ya hayo umeambiwa ujiandae kwa upasuaji wa kupunguza uzito: tembea kila siku, punguza kula, hudhuria kliniki, pima hiki na kile. Mimi ni muuguzi na kazi yangu ni kuwaandaa watu kwa upasuaji huu. Wengi huja wakijiita wavivu. Kwa baadhi yao nimekuta shida iko kwenye saa wanayomeza kidonge.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye upungufu wa homoni ya thairoidi anayetumia levothairoksini (kidonge kinachojazia homoni hiyo), au anayekaribia kuanzishiwa. Dozi ni kazi ya daktari wako. Humu utapata yale yaliyo mikononi mwako. Fuata mpangilio, kwa sababu ukianza na mazoezi kabla ya kuinyoosha saa ya kidonge utajichosha bure.

Hatua ya 1: Zijue namba zako

TSH ni homoni ambayo tezi iliyo chini ya ubongo huitumia kuiamrisha thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikizembea, amri huongezeka na TSH hupanda. T4 ndiyo homoni yenyewe inayotengenezwa. Maabara nyingi huihesabu TSH ya mtu mzima kuwa ya kawaida ikiwa kati ya 0.4 na 4.0 hivi. Omba nakala ya majibu, na pembeni andika tarehe na dozi uliyokuwa unameza siku ile. TSH bila dozi haimsaidii sana atakayeisoma baada yako.

Unene wenyewe unaweza kuipandisha TSH kidogo hata thairoidi ikiwa nzima, na mara nyingi hushuka yenyewe uzito ukipungua. Kwa hiyo daktari akikuta TSH imepanda kidogo na T4 iko sawa, anaweza kuamua kurudia kipimo badala ya kukuandikia dawa. Hajakupuuza.

Kingine ni biotini, ile vitamini ya nywele na kucha. Inavuruga baadhi ya vipimo vya thairoidi, hata majibu yakaonyesha homoni imezidi wakati haijazidi. Iache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu.

Upungufu ukiwa mkali, upasuaji huahirishwa. Moyo huwa umepunguza kasi, mwili unachelewa kuondoa dawa za usingizi, na kuamka baada ya upasuaji kunaweza kuwa na shida. Najua inavyouma kuambiwa tarehe imesogezwa baada ya kungoja miezi. Lakini upungufu wa kiasi kidogo kwa kawaida hauzuii upasuaji, na huo ndio walio nao watu wengi.

Hatua ya 2: Kilinde kidonge

Hapa ndipo nakuomba utulie.

Mama mmoja alifika kliniki akiwa hoi. Dozi yake ilikuwa imeongezwa mara mbili na TSH bado iko juu. Nilimwomba amwage dawa zake zote mezani, kisha anionyeshe asubuhi yake inavyokwenda. Akachukua kikombe akaanza kueleza: kinywaji cha protini cha maziwa, kwa sababu kliniki ilimwagiza, kidonge cha thairoidi, vitamini zenye madini ya chuma, kliniki pia ilimwagiza, na kalsiamu. Vyote kwa mkupuo mmoja, saa moja asubuhi. "Sista, sijaruka hata siku moja," akaniambia, na ilikuwa kweli. Alikuwa mtiifu kuliko wote, na utiifu huo ndio uliokuwa unamnyima dawa. Kalsiamu na chuma hukamatana na levothairoksini tumboni, na kiasi kikubwa kinapita bila kuingia kwenye damu.

Maandalizi ya upasuaji yanaleta vitu hivi hivi kwa wingi. Basi shika haya:

- Meza kidonge tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula au kunywa kahawa. Kahawa nayo hupunguza dawa inayoingia mwilini.
- Kalsiamu, madini ya chuma, vitamini zenye madini na dawa za kutuliza asidi: ziwe mbali na kidonge kwa saa 4.
- Unga wa protini soma lebo yake. Mwingi umeongezwa kalsiamu na chuma, na wa soya nao una usumbufu wake. Uhesabu kama vidonge vya madini.
- Nyuzinyuzi za kuchanganya kwenye maji kwa ajili ya choo, usizinywe karibu na kidonge.
- Ukitumia omeprazoli (dawa inayopunguza asidi tumboni) au dawa za jamii hiyo, kutenganisha saa hakutoshi, kwa kuwa levothairoksini inahitaji asidi ili iyeyuke vizuri. Mwambie daktari apime kwa kuzingatia hilo.

Wanaoshindwa kuipanga asubuhi huwa nawashauri waulize kuhusu kumeza usiku. Inakubalika, mradi zimepita saa 3 au zaidi tangu mlo wa mwisho. Kwa wiki za vinywaji vya protini mimi naipendelea zaidi: kinywaji cha mwisho saa 12 jioni, kidonge saa 4 usiku, kisha kitanda. Vitamini zenye chuma zikae mchana. Kalsiamu ikae asubuhi na saa 12 jioni, mbali na chuma kwa saa 2.

Ukishabadilisha mpangilio, mwambie daktari na uombe kipimo kipya baada ya wiki 6 hadi 8. Nusu ya levothairoksini iliyomo mwilini huchukua takriban siku 7 kuisha, kwa hiyo TSH husogea polepole. Lakini uwe macho: dozi iliyopandishwa wakati dawa haiingii inaweza kukuzidi ikianza kuingia. Moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka, jasho likikutoka bila sababu na usingizi ukikukimbia, piga simu kliniki, usingoje wiki 6.

Na tafadhali usijiongezee vidonge ili upungue kabla ya tarehe. Homoni ikizidi inakula misuli na mifupa, na inaweza kuufanya moyo upige bila mpangilio, jambo ambalo hakuna daktari wa usingizi anayetaka kulikuta. Isitoshe, upungufu wa thairoidi wenyewe kwa kawaida huongeza kilo 2 hadi 5 tu, na nyingi ni maji na chumvi. Kuzitoa hizo hakuhitaji dozi ya hatari.

Hatua ya 3: Tafuta chanzo kingine cha uchovu

TSH ikishatulia na bado umechoka, usiishie kwa thairoidi. Cha kwanza ninachouliza ni usingizi. Kukatika kwa pumzi usingizini kumeenea sana kwa watu wanaosubiri upasuaji huu, na uchovu wake unafanana kabisa na wa thairoidi. Muulize anayelala karibu nawe: unakoroma kwa nguvu? Unanyamaza kisha unashtuka kama anayekabwa? Kama jibu ni ndiyo, omba upimwe. Ukipewa mashine ya kusukuma hewa, itumie kila usiku na uje nayo hospitali siku ya upasuaji.

Vingine vinapatikana kwa damu: wingi wa damu na akiba ya chuma, vitamini B12 (hasa kama unatumia metformini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu), vitamini D, sukari. Sonona pia huja kwa sura ya uchovu. Kuitaja mbele ya timu yako hakukuondolei haki ya kupasuliwa. Kunakupatia matibabu mapema.

Hatua ya 4: Tumia nguvu ulizonazo, usikope za kesho

Kwa siku 3 andika kila baada ya saa 2 una nguvu kiasi gani, kutoka 0 hadi 10. Utaona saa zako nzuri. Kwa wengi ninaowahudumia ni kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana. Matembezi yaweke hapo. Usiyaweke jioni ulipobakiwa na mbili.

Anza na dakika 5, mara 3 kwa siku. Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Ukianza kukata maneno, punguza. Kaa siku 4 au 5 kwenye kiwango hicho. Kama asubuhi inayofuata huamki ukiwa mbovu zaidi, ongeza dakika 2. Ukiamka mbovu, rudi nyuma bila kujilaumu. Kusimama kutoka kwenye kiti mara 5 bila kujishikilia kwa mikono, asubuhi na mchana, kunalinda mapaja, na mapaja ndiyo yatakayokutoa kitandani baada ya upasuaji. Usingizi wa mchana usizidi dakika 30.

Hatua ya 5: Wiki za mlo mwepesi

Vituo vingi hukuweka kwenye kalori 800 hadi 1,200 kwa siku, mara nyingi kwa wiki 2, ili ini lisinyae. Upande wa kushoto wa ini hulala juu ya tumbo la chakula. Likiwa kubwa, daktari anakosa nafasi ya kufanyia kazi.

Siku za mwanzo utachoka zaidi, hilo lijue mapema. Shughuli nzito zimalize kabla. Protini usiipunguze, wengi huelekezwa gramu 60 hadi 80 kwa siku, na maji yawe karibu na mkono wako muda wote. Kama unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, usianze mlo huu kabla dozi haijapangwa upya, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla na wewe ukadhani ni uchovu ule ule.

Hatua ya 6: Siku ya upasuaji na baada yake

Mwambie daktari wa usingizi dozi yako na TSH ya mwisho. Levothairoksini kwa kawaida humezwa hata asubuhi ya upasuaji kwa funda dogo la maji, ila fuata maelekezo ya timu yako. Ukikosa siku moja au mbili kwa kuwa huruhusiwi kumeza, usiogope, akiba ya mwilini inatosha.

Wakati wowote, kabla au baada, mtu akipoa mwili kupita kawaida, akachanganyikiwa, akawa mgumu kuamshwa au mapigo yakawa ya polepole sana, apelekwe hospitali papo hapo.

Baada ya upasuaji tumbo limebadilika, uzito unashuka, na kalsiamu na chuma vinakuwa vya kila siku, kwa hiyo kuvitenganisha na kidonge kwa saa 4 kunaendelea. Dozi yako inaweza kupungua, na kwa wachache hupanda kwa sababu dawa haiingii kama zamani. Kabla hujatoka wodini, hakikisha karatasi yako ya kuruhusiwa ina tarehe ya kupima TSH, wiki 6 hadi 8 mbele. Kama haipo, irudishe kwa muuguzi aiandike ukiwa umesimama hapo hapo.