Kazi za nusu saa kwenye Microsoft Project

Ukipanga kazi fupifupi kwenye Microsoft Project, kwanza fanya saa zionekane. Programu huzihesabu muda wote, ila kwa kawaida safu za kuanza na kumaliza huonyesha tarehe tupu. Ingia File, Options, General, kisha kwenye Date format chagua mtindo wenye saa.

Muda uandike na kifupisho chake: 30m ni dakika 30, 2h ni saa mbili. Ukiandika 2 peke yake unapewa siku mbili. Na mo ni miezi, kwa hiyo kidole kikiteleza umejipa miezi 30!

Panaponasa wengi ni usiku. Kalenda ya Standard, ile programu inayoitumia usipochagua nyingine, inajua saa 2 asubuhi hadi 6 mchana, kisha saa 7 hadi 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, basi. Niliwahi kupanga kubadilisha seva Jumamosi saa 4 usiku; kubonyeza Enter tu, kazi ikarukia Jumatatu asubuhi, wakati ofisi nzima iko kwenye mfumo. Dawa: bofya kazi mara mbili, nenda Advanced, kwenye Calendar chagua 24 Hours. Kama kazi ina mtu tayari, tia tiki kwenye Scheduling ignores resource calendars, la sivyo kalenda yake itaendelea kuibana.

Na saa 4 usiku andika 22:00, si 4:00. Programu haijui saa zetu za Kiswahili.