SOMO: Kuandaa nyaraka za kesi mpaka masijala wazipokee (soma hapa kabla ya kuniuliza)

Jamani naandika hili mara moja ili nikiulizwa tena nielekeze hapa, maana kila wiki mtu ananifuata inboksi na swali lilelile. Mimi si wakili, nachapa nyaraka za mahakamani miaka mingi na nimeandaa za familia yangu pia. Kesi yako ikiwa nzito tafuta wakili, hilo sibishani nalo.

1. Nenda masijala uulize kama shauri lako lina fomu yake. Kama ipo tumia hiyo, usibuni ya kwako.

2. Hesabu siku kabla hujaandika hata mstari. Madai, rufaa, utetezi, kila kimoja kina ukomo wake wa muda, na waraka mzuri uliochelewa ni waraka uliochelewa tu.

3. Kichwa: jina la mahakama, namba ya shauri (kama ndo unafungua acha nafasi), majina ya pande zote. Jina liandikwe vilevile kila mahali, sio hati ya madai ina majina matatu halafu kiapo (maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli) kina mawili.

4. Maelezo yaende kwa aya zenye namba, aya moja jambo moja, kwa mpangilio wa tarehe. Nani, alifanya nini, lini, wapi. Hasira ziache nyumbani. Mwisho orodhesha nafuu unazoomba, zote, maana kwa kawaida mahakama haikupi ambacho hukuomba.

5. Vielelezo vipe alama A, B, C na kila alama itajwe kwenye aya inayohusika.

6. KIAPO. Hapa naomba utulivu.

Niliandaa kiapo cha dada yangu, maombi ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu. Akaapa vizuri mbele ya kamishna wa viapo (mtu anayeruhusiwa kisheria kuapisha), akasaini, mhuri ukagongwa. Usiku napanga makaratasi nikaona ukurasa wa 3 tarehe ya mkataba nimekosea, nimeandika tarehe 12 wakati kielelezo B kinasema 21. Nikarekebisha kwenye kompyuta, nikaprinti ukurasa wa 3 peke yake, nikatoa stepla nikachomeka mpya. Nilijua nasaidia. Kumbe wakati narekebisha mistari ilisogea, aya ya 11 ikawa chini ya ukurasa wa 3 na ipo tena juu ya ukurasa wa 4, na kwenye kona matundu ya stepla ya zamani yanaonekana kwenye kurasa zote isipokuwa huo mmoja. Wakili wa upande wa pili aliinua tu karatasi akamwonyesha hakimu. Kiapo kikatupwa, maombi yakabaki hayana kiapo cha kuyashikilia, nayo yakaondolewa. Kurudi upya muda umeshapita, ikabidi kwanza tuombe kuongezewa muda. Dada yangu hakuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa langu, na mpaka leo nikishika stepla namkumbuka amekaa kwenye benchi la mahakama ananiangalia.

Kwa hiyo:
- Kikishaapwa HAKIGUSWI. Hata nukta.
- Kosa ukiliona kabla ya kuapa, printi upya chote. Ukiliona mezani kwa kamishna, likatwe kwa kalamu, wewe na yeye muweke saini fupi pembeni. Ukiliona baadae, andaa kiapo kingine au uliza utaratibu wa kiapo cha nyongeza.
- Usisaini nyumbani. Unasaini mbele ya anayekuapisha, na yeye anajaza mahali na tarehe.
- Ukurasa wa saini usibaki mtupu, angalau aya moja ya mwisho iwe juu yake.
- Andika unayoyajua mwenyewe. Uliyoambiwa, sema nani kakwambia na kwamba unaamini ni kweli. Hoja za sheria zina mahali pake, sio humu.

7. Nakala: ya mahakama, ya kila mdaiwa, na yako. Yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, usiondoke dirishani bila huo.

8. Ukimpa wa upande wa pili nakala yake, asaini kwamba kapokea.

MASWALI

Kijana Mtata: Mkuu naomba unitumie sampo ya kiapo nibadilishe majina tu, nawahi kesho.
Jibu: Hapana. Kiapo ni maneno yako, ukiapa maneno ya mtu mwingine umeapa uongo. Soma namba 6.

Kijana Mtata: Sijaona pa kusaini, nisaini wapi?
Jibu: Namba 6.

Mama Wawili: Samahani kaka, jirani ndo aliyeshuhudia mimi sikuwepo. Naandikaje?
Jibu: Dada swali zuri sana hili. Unaandika "nilielezwa na fulani, jirani yangu, tarehe fulani, kwamba aliona hivi, nami naamini ni kweli". Ila bora zaidi jirani mwenyewe aape kiapo chake, kifupi tu, aya tano sita zinatosha, ambatanisha na cha kwako. Aliyeona akisema mwenyewe ina uzito mwingine kabisa.

Mpole: Kwa hiyo wasio na wakili ndo tunyanyasike kwa ajili ya stepla?
Jibu: Sijasema hivyo ndugu. Nimesema kilichotupata sisi ili kisikupate wewe.

Mwanagenzi: Mi nasaini kwa wino wa bluu, orijino haichanganyiki na fotokopi.
Jibu: Hiyo nami naitumia, ila angalia kwanza mahakama yako isiwe inataka mweusi. Na kama wanapokea kwa mtandao, skani kurasa zote ziwe faili moja, uifungue uikague mpaka mwisho kabla ya kutuma, mara nyingi kuna ukurasa umeingia kichwa chini.

Mama Wawili: Jirani kakubali kuapa. Tunaenda Jumatatu.
Jibu: Safi dada. Mkifika, kila mtu asome chake chote kwa sauti kabla ya kushika kalamu.