Kabla hujabisha hodi kwenye klabu ya wasanii

Kwanza uwe umealikwa. Nyumba hizi ni za wanachama, si makumbusho ya kukata tiketi mlangoni. Pale Gramercy Park, New York, ziko mbili zilizopakana. Namba 15 ni National Arts Club, iliyoanzishwa mwaka 1898, nayo imo katika jumba la Samuel Tilden, yule aliyepata kura nyingi za wananchi mwaka 1876 na urais akaukosa. Namba 16 ni The Players, ya mwigizaji Edwin Booth, ya mwaka 1888. Namba 15 hufungulia umma kumbi zake za maonyesho, lakini usidhani kila mlango humo ni wako.

Mavazi, ulizia mapema. Jinzi na raba ziache nyumbani hata kama mwenyeji wako ni mchoraji mwenye rangi kwenye kucha. Ngazi ni nyingi, vaa viatu vya kupandia.

Soma kidogo kabla. Booth aliishi ghorofa ya juu ya klabu yake, akafia humo Juni 1893, na chumba chake kimehifadhiwa. Usipojua kwamba ni kaka wa yule aliyemuua Rais Lincoln, utaona kitanda tu.

Ukiwahi, usitegemee kungojea katika bustani yenyewe ya Gramercy Park. Inafungwa, na funguo wanazo wakazi wanaoizunguka. Sanamu ya Booth akiigiza Hamlet, yule mhusika wa Shakespeare, itazame kupitia nondo za uzio.

Sasa pesa. Hapa nisikilize vizuri. Mzee mmoja alinialika kwenye klabu yake, jina naliacha, akachelewa. Mimi na wenzangu wawili tukaketi, tukaagiza chai, kisha sandwichi, kisha chai tena. Nilipotoa noti, mhudumu akazitazama kama majani makavu. Hawapokei pesa za mgeni. Kila kitu huandikwa kwenye hesabu ya mwanachama. Kumbe muda wote tulikuwa tunakula kwa jina la mtu ambaye hata hajafika! Kwa kuficha aibu nikatandaza makaratasi yangu ya kazi mezani, na simu ilipolia nikaipokea palepale. Yote mawili marufuku. Mzee alipofika alisaini bili, akatabasamu, akatutembeza vyumba vyote bila neno. Wiki mbili baadaye nikasikia kamati imemwandikia barua ya onyo. Yeye, si mimi. Mgeni akivuruga, anayewajibishwa ni aliyemleta. Nilimpelekea pesa, akazikataa. Hajanialika tena, na simlaumu.

Kwa hiyo muulize mwenyeji mapema: nani analipa, na naweza kuagiza kabla hujafika? Akichelewa, kaa mapokezi na njaa yako.

Mengine unayajua. Picha haziguswi. Kamera, omba ruhusa chumba kwa chumba, maana aliyekaa maktabani huenda hataki kuonekana. Mlango uliofungwa uache. Choo uliza kabla ya kupanda juu. Na simu izime ukiwa bado barabarani.