Jinsi ya kusoma maneno ya kale ya Kiingereza bila kupotea

Wengi wakikutana na Kiingereza cha zamani wanaogopa yale maneno ya ajabu ajabu, sennight, whence, overmorrow, kumbe hayo ndo mepesi, maana neno usilolijua utalitafuta tu na mambo yanaisha. Sennight ni usiku saba yaani wiki, overmorrow ni keshokutwa, basi. Neno la kuogopa ni lile unalodhani unalijua, macho yanapita juu yake huna wasiwasi wowote, na maana uliyoondoka nayo siyo aliyoikusudia mwandishi.

Chukua meat. Leo ni nyama, hakuna ubishi. Sasa fungua Biblia ya King James ya 1611, Mambo ya Walawi sura ya 2, utakuta meat offering, halafu angalia kinachotolewa hapo, unga mzuri, mafuta na ubani, nyama hakuna hata kipande. Enzi hizo meat ilikuwa chakula chochote, ndo maana Biblia ya Kiswahili inasema sadaka ya unga na iko sahihi kabisa. Au prevent kwenye 1 Wathesalonike 4:15, ukisoma kwa Kiingereza cha leo utaelewa kwamba walio hai hawatawazuia waliolala mauti, wakati maana yake ni hawatawatangulia. Let nayo ni balaa, 2 Wathesalonike 2:7 ni kuzuia, siyo kuruhusu, yalikuwa maneno mawili tofauti yakaja kufanana matamshi, na lile la kuzuia bado lipo kwenye tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa neti kisha ukaangukia ndani panapotakiwa refa anasema let.

Kwa hiyo kabla hujagusa neno lolote, tafuta kwanza maandishi yenyewe ni ya mwaka gani. Kisha soma sentensi nzima ukiweka maana ya leo, ikichechemea hata kidogo shuku lile neno la kawaida, usishuku akili yako. Mtu akiitwa silly kwenye maandishi ya zamani sana inawezekana anasifiwa, maana neno lilianzia kwenye kubarikiwa, na nice kinyume chake lilianza kama mjinga.

Halafu dikshenari. Hapa wengi wanakwama kwa sababu dikshenari za kawaida zinaanza na maana ya leo na mtu anachukua ya kwanza anafunga. Unahitaji inayoonyesha historia. Bora kuliko zote kwa maoni yangu ni Oxford English Dictionary, ilianza kutoka kwa mafungu 1884 ikakamilika 1928, inapanga maana kuanzia ya kale na kila moja ina mifano yenye mwaka, wewe unashuka mpaka kwenye mwaka unaokaribiana na maandishi yako. Ni ya kulipia, ila Etymonline na Wiktionary ni za bure na zinasaidia sana. Angalia pia alama, archaic ni neno lililochakaa ila bado linaonekana huku na huku, obsolete ni lililokufa.

Maneno mengine jifunze kwa familia, usiyameze moja moja. Here ni hapa, hither ni kuja huku, hence ni kutoka hapa. There, thither, thence hivyo hivyo, where, whither, whence hivyo hivyo. Wherefore usiiingize humo, hiyo ni kwa nini. Juliet wa Shakespeare akiuliza wherefore art thou Romeo hamtafuti Romeo yuko wapi, anauliza kwa nini uwe Romeo, yaani kwa nini utoke ukoo wa maadui zetu.

Na kwenye thou sisi wa Kiswahili tuna bahati kweli, thou ni wewe, ye ni ninyi, tofauti tunayo kila siku mdomoni. Ye ni ninyi mnaotenda, you ni ninyi mnaotendwa, Yohana 8:32 ina zote mbili, "ye shall know the truth, and the truth shall make you free." Ila ukiona Ye Olde kwenye kibao cha duka hiyo siyo ninyi, ni herufi ya kale þ ya sauti ya th ambayo wachapaji hawakuwa nayo wakaweka y badala yake, kwa hiyo soma the.