Somo: Kujenga Android ya kompyuta ya mezani kutoka kwenye msimbo wake

Ndugu wanachama, asalaam aleikum.

Simu nyingi hutumia prosesa za ARM, ilhali kompyuta nyingi za mezani hutumia za x86, na kwa hiyo Android ya simu haihamishwi hivi hivi kwenye kompyuta. Mradi wa Android-x86, ulioanza mwaka 2009, uliurekebisha msimbo huria wa Google ukubaliane na mashine hizo. Hapa tunajenga toleo la 9.

Kwanza ni diski. Andaa Linux ya biti 64, kumbukumbu (RAM) ya GB 16 na nafasi isiyopungua GB 250 yenye mfumo wa ext4, yaani mpangilio wa faili wa Linux. Msimbo huu una viungo vya faili, ruhusa za utekelezaji, na hata majina yanayotofautiana kwa herufi kubwa na ndogo tu, mambo ambayo diski ya nje iliyoandaliwa kwa Windows huyavuruga. Nililipuuza hilo mara ya kwanza, nikapoteza siku mbili na bando zima.

Pili, sakinisha git na repo, zana za kupakulia msimbo, kisha ndani ya folda tupu uipe repo init anwani ya mradi na tawi la pie-x86, ndilo la toleo la 9, ukiongeza --depth=1 ili historia ndefu ya mabadiliko isipakuliwe. Halafu andika amri hii, ambapo -j2 ni kazi mbili kwa wakati mmoja:

repo sync -c -j2 --no-tags

Hapa Lamu mimi huianzisha baada ya Isha, watu wakipungua mtandaoni. Ikikatika usifute kitu. Rudia amri ileile, nayo itaendelea na yaliyobaki. Wanaoandika -j16 kwa mtandao wetu huu wanajisumbua bure.

Tatu, ujenzi wenyewe:

. build/envsetup.sh
lunch android_x86_64-userdebug
m -j4 iso_img

Ile nukta ya mwanzo si kosa la uchapaji, kwani ndiyo inayoingiza mipangilio katika dirisha lililo wazi. Ukilifunga, itakubidi urudie mistari miwili ya kwanza. Zao lake ni android_x86_64.iso, faili moja lenye mfumo wote, ndani ya out/target/product/x86_64. Iandike kwenye flashi, uijaribu kabla ya kuisakinisha.

Swali: Mwalimu, ujenzi wangu hukatika na kuandika "Killed". Msimbo ni mbovu?

Jibu: La, ndugu yangu, kumbukumbu imejaa. Shuka hadi -j2 au uongeze faili la swapu, yaani nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu. Yaliyokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa lugha ya mashine, hayaanzi upya.

Swali: Na umeme ukipotea usiku wa manane?

Jibu: Washa, urudie amri zote tatu. Likilalamikiwa faili moja kuwa halikukamilika, lifute hilo peke yake, si folda nzima ya out.

Swali: Nimewasha kwa flashi, kioo kikabaki cheusi.

Jibu: Kwenye menyu ya kuwashia bonyeza e, uongeze nomodeset mwishoni mwa mstari wa kerneli, kiini cha mfumo. Picha zitakuwa nzito, lakini utaingia.

Swali: Programu zangu za simu zitakubali zote, mwalimu?

Jibu: Si zote, dada. Zilizoandikwa kwa Java pekee hazijali prosesa; zilizobeba maktaba za ARM tupu huhitaji mkalimani wa ARM, yaani programu ya kutafsiri maagizo ya ARM kwa x86, na hata akiwapo, baadhi hufunguka na kujifunga papo hapo.