Ukija kusafishwa meno, mambo yatakwenda hivi

Mimi ndiye ninayeshika kile kibomba cha kufyonza mate, hapa Arusha. Kunywa chai yako kama kawaida, piga mswaki, uje. Kushinda njaa hakuhitajiki; hatukupi dawa ya usingizi.

Kabla ya kupanua mdomo, sema unatumia dawa gani: za kisukari, za presha, na hasa za kuzuia damu kuganda. Mama mjamzito naye aseme, maana eksirei mara nyingi inaweza kusubiri.

Daktari ataanza na kioo kidogo na kijiti chenye alama za milimita, akipima nafasi kati ya fizi na jino. Ukisikia moja, mbili, tatu, tulia. Kuanzia 4 ndipo anapokunja uso.

Kisha mashine. Inalia kama mbu sikioni, inarusha maji, na nyuma ya meno ya mbele ya chini, unakopenda kujaa ugaga (ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno), inaweza kukusisimua. Inua mkono wa kushoto, tutasimama. Usimkamate daktari mkono, tafadhali!

Ukitema damu kidogo, mara nyingi ni fizi zilizovimba. Ulimi utahisi mianya; meno hayajatanuliwa, ni ugaga uliokuwa umeiziba.

Ila madoa ya kahawia ya maji yetu yenye floraidi nyingi hayatoki kwa kusafisha, hata ulipe mara mbili. Yamo ndani ya jino lenyewe. Muulize daktari njia nyingine.

Siku hiyo epuka vya moto sana na vya baridi sana, na jioni hiyohiyo piga mswaki, ule laini.